Taharuki Haihitaji Bastola

Kijana wa kidato cha tatu anayefungua Kufa na Kupona anajua mapema kwamba Willy Gamba hatakufa. Gamba ndiye anayesimulia, na marehemu hasimulii. Elvis Musiba alilijua hilo alipoitoa riwaya hiyo mwaka 1974. Hata hivyo, wanafunzi ninaowaazima vitabu huku Mgeta, katika milima ya Uluguru, waliozaliwa zaidi ya miaka thelathini baadaye, hugombea nakala yangu iliyokwisha kupoteza jalada. Sasa, ikiwa roho ya shujaa iko salama, msomaji anaogopa nini?

Anaogopa saa. Siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, mkondo wa wizi unaelekea Nairobi, na zikiwafikia maadui wa ukombozi watakufa watu ambao hatutawaona hata mara moja kitabuni. Gamba atapona, haya, lakini atawahi? Musiba ameyaondoa mashaka kwenye roho ya shujaa akayaweka kwenye kazi yake. Kisha akayaweka pia kwa wote wanaomkaribia. Msimulizi ana kinga, ila rafiki anayempokea, mwanamke anayekunywa naye na dereva anayemsubiri hawana. Ndiyo maana kila mtu mpya katika riwaya zake anakuja na maswali mawili kwa mpigo: huyu ni msaliti, au ni maiti ya kesho?

Msomaji wa mwaka ule alikuwa na jingine tunalolisahau tukimpima Musiba leo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, aliuawa jijini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa kifurushi. Mwezi Aprili mwaka huohuo ANC ya Afrika Kusini ilikutana Morogoro mjini, chini ya milima hii hii, katika mkutano ambao hadi leo unaitwa kwa jina la mji wetu. Msomaji wa 1974 hakuhitaji kuelezwa kwamba majasusi wapo na kwamba bahasha inaweza kuua. Hofu alikuja nayo kutoka nyumbani, Musiba akaiwashia moto tu.

Kijana wa leo hana hofu hiyo. Anachokipata ni mwendo: safari, hoteli, ngumi, bastola, sentensi fupi zinazokimbizana. Mwendo huo bado unafanya kazi, na sioni aibu kusema kwamba Musiba hana mpinzani kwa kumfanya mvulana asiyependa kusoma amalize kitabu kwa siku mbili. Lakini mashaka yenyewe yamevuja kidogo. Wasichana wa darasa hilohilo huniambia wazi kwamba wanawake wa Gamba wanawachosha, kwa sababu wakishaona mwanamke mrembo kaingia mlangoni wanajua atakuwa kitandani au kaburini kabla sura haijaisha. Wana haki. Kinachotabirika hakitii mashaka tena, hata kikivalishwa gauni jipya.

Ben Mtobwa alikwepa sehemu ya mtego huo kwa kumpa shujaa wake, Joram Kiango, mwenzi aitwaye Nuru, anayerudi kitabu baada ya kitabu. Msomaji akishamzoea mtu, hatari inayomkabili inakuwa na uzito. Na katika Tutarudi na Roho Zetu? ya 1987, Mtobwa aliyatia mashaka wingi tangu kwenye jalada. Haulizwi shujaa peke yake kama atarudi. Wanaulizwa wote.

Njia ya pili ya kutia mashaka ni ya zamani zaidi, nayo ni ngumu zaidi kuandika. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 hadi 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake ni ndugu wa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, hilo halifichiki. Ufundi uko kwa Najum. Rafiki huyu anakuwapo pale Bwana Msa anapotazama, anasikia maneno yaleyale, anaona vitu vilevile, na haoni maana yake. Sisi tumekaa upande wa Najum. Hakuna anayekimbizwa, lakini hutulii, kwa sababu unashuku kwamba jibu umekwisha kulisoma na umelipita. Mashaka ya Musiba yanatokana na tusichokijua bado. Ya Abdulla yanatokana na tulichokiona tusikielewe, na haya hudumu kichwani muda mrefu zaidi.

Pia alitumia mzimu kama chambo. Mahali pa matambiko panamfanya msomaji, hata anayejidai mjuzi, atazame upande wa majini wakati mkosaji ni mtu mwenye miguu miwili na tamaa. Hapa Uluguru tungeweza kufanya vivyo hivyo bila kuazima kitu. Upande wa mashariki wa milima kuna Kolelo, mahali patakatifu palipoheshimiwa tangu kabla ya Majimaji. Hammie Rajab alilitumia jina hilo katika Miujiza ya Mlima Kolelo. Tangu hapo, waandishi wa mashaka wamekuwa wakiupita mlima huu wakielekea Dar.

Kuhusu hadithi za mfululizo magazetini sina mengi. Eric Shigongo na wenzake waliwafundisha wasomaji wengi wa mjini kungoja toleo lijalo, na kazi hiyo si ndogo. Ila mlango unaobishwa mwishoni mwa kila sehemu, kisha ikaja kuonekana kwamba aliyebisha ni jirani ameleta chumvi, ni deni lisilolipwa. Msomaji husamehe mara moja tu.

Ugonjwa wa vitabu tunavyowapa vijana ni mwingine kabisa. Mwandishi mtu mzima hawezi kungoja kufundisha. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, iliyotolewa 2002 na kusomwa sana sekondari, ina uzi mzuri wa mashaka: watoto waliokosa ada wanavutwa kwenye biashara ya dawa za kulevya. Hapo darasa huamka. Kisha swali la mtihani linadai dhamira na ujumbe, na mwanafunzi anajifunza kupitiliza taharuki kama mtu anayeruka dimbwi. Waandishi wanaolenga vijana wameusoma mtihani huo pia. Wanaweka onyo sura ya kwanza, na onyo likishatolewa unajua nani ataadhibiwa.

Mgeta ingewaponya. Sisemi hivyo kwa mapenzi ya kwetu, nasema kwa hesabu ya ufundi. Mashaka yanataka njia chache za kutokea, na huku gari linashuka kupitia Mlali, barabara ina kona juu ya bonde, na masika huitia utelezi. Yanataka saa, na kabichi na karoti zina saa yake: lori likichelewa soko la Dar, bei imeshuka na dalali anacheka. Yanataka ukungu, nao tunao wa bure. Na yanataka sababu ya kuua au kuiba ambayo mtu mwema angeielewa. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa ukoo wa mama. Kijana aliyelima matuta ya baba yake tangu utotoni anaweza kukuta wajomba wa marehemu wanayadai kabla arobaini haijafika. Hapo hakuna shetani wala mtakatifu, na mwandishi asiyejua nani ana haki hataweza kuhubiri hata akitaka.

Mhusika mkuu ningemfanya utingo wa miaka kumi na sita, anayelala juu ya magunia ya lumbesa. Utingo huona yote: nani kapakia usiku, nani kalipwa mbali na wenzake, gunia gani lilipandishwa na watu watatu badala ya wawili. Haelewi nusu yake, kwa hiyo anafanya kazi ya Najum huku lori likikimbizana na saa ya Musiba. Ningemsimulia kwa nafsi ya tatu ili asipate kinga. Bastola isiwepo kitabu kizima. Breki inatosha.

Kidokezo kikuu kingekuwa stakabadhi ya ushuru wa mazao, yenye idadi ya magunia yaliyovuka kizuizi. Ningeiweka sura ya pili, katikati ya vitu anavyovitoa mfukoni akitafuta nauli: sarafu, kiberiti, stakabadhi, kipande cha muwa. Isisemwe tena mpaka utingo mwenyewe ahesabu magunia sokoni, akute limezidi moja.