Mafundi wa Nchi Isiyo na Mbao

Karne ya 20 ilipoanza, misitu ya Ayalandi ilikuwa imebaki katika asilimia 1 hivi ya ardhi yake. Mkulima mdogo wa kaunti ya Mayo au Galway aliyetaka kujenga aliutafuta mti chini ya ardhi. Alidungadunga kinamasi kwa chuma kirefu mpaka kikagota shina la mwaloni au msonobari lililozama humo maelfu ya miaka. Akalifukua, akalipasua, akapata makombamoyo.

Kuta zilikuwa za mawe au udongo, zikapakwa chokaa. Paa liliezekwa kwa mabua yaliyobanwa na fito zilizopindwa. Kwenye pwani ya Atlantiki, ambako dhoruba hung'oa mapaa, kamba zilipitishwa juu ya mabua na kufungwa kwenye vigingi vya mawe chini ya upenu.

Uhaba huohuo wa miti ndio uliowanoa maseremala. Mbao ilikuwa ghali, chumba kilikuwa kidogo, basi kifaa kimoja kilitakiwa kifanye kazi mbili.

Mfano bora ni benchi-kitanda. Mchana ni kiti kirefu chenye mgongo wa mbao, kimeegemea ukuta karibu na moto. Usiku kikalio kinavutwa mbele, kinageuka kwenye bawaba zilizo chini kabisa, nacho kinafunguka sakafuni kuwa sanduku pana lililo wazi juu. Humo hutandikwa godoro la majani makavu, wakalala watoto au msafiri aliyeomba hifadhi. Asubuhi sanduku hufungwa, matandiko yakiwa ndani.

Kabati la vyombo nalo lilikuwa na ujanja wake. Juu zilipangwa sahani, fahari ya mama mwenye nyumba. Chini, katika baadhi ya nyumba, palikuwa na tundu la kuku, kwa kuwa joto la jikoni liliwafanya watage hata majira ya baridi. Vigoda vilikuwa vifupi ili mkaaji awe chini ya moshi, na vilikuwa na miguu mitatu ili visiyumbe kwenye sakafu ya udongo yenye mabonde.

Mtafiti Claudia Kinmonth aliziandikia samani hizi kitabu kizima mwaka 1993. Makumbusho ya taifa ya maisha ya vijijini, yaliyofunguliwa Turlough Park, Mayo, mwaka 2001, hayatozi kiingilio. Utakayefika huko, usiishie kutazama sahani; inama uzione bawaba.