Vua Kabla ya Kuchimba

Gari likizama kwenye matope juu ya Naro Moru, kwenye Mlima Kenya, abiria wengi hukimbilia kuvaa kila walichobeba kabla ya kushuka. Dereva aliyeizoea njia hufanya kinyume. Huvua sweta, huitia kwenye ndoo yenye kifuniko nyuma ya kiti, huvaa koti la mvua juu ya fulana moja tu, kisha hushuka na sepetu. Anaonekana kama mtu anayejitafutia homa. Gari likishatoka, yeye ndiye mwenye sweta kavu ya kuvaa.

Siri yake ni mpangilio. Kwenye barabara mbaya, nguo hupangwa kwanza kwa kufuata kazi ya mwili. Hali ya hewa huja nyuma yake.

Tuanze na njia zenyewe. Mji wa Naro Moru uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Met Station, mwisho wa njia ya gari, iko mita 3,050. Kwa kawaida hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo, ndani ya kilomita zisizofika 30, unapoteza karibu nyuzi saba kabla hujahesabu upepo wala mvua. Upande wa Chogoria, lango la mbuga liko karibu mita 2,950, na mvua huko ni nyingi zaidi kwa sababu pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huukuta mlima upande wa mashariki na kusini-mashariki. Sirimon, upande wa Nanyuki, ni pakavu zaidi. Kutoka Nyeri, njia ya Aberdare inayoingia kwa lango la Kiandongoro na kutokea lango la Mutubio hukatiza nyanda zilizo juu ya mita 3,000, ambako ukungu unaweza kushuka mchana kweupe. Chini ya hayo yote kuna udongo wa volkano, mara nyingi mfinyanzi unaoteleza kama sabuni ukilowa. Kukwama ni sehemu ya safari.

Dereva wa njia hizi ana kazi tatu: kuendesha, kuchimba na kungoja. Mtu aliyeketi hutoa joto la takriban wati 100. Akichimba au kusukuma kwa nguvu, mwili wake unaweza kupita wati 400. Akisimama kungoja trekta, hurudi palepale kwenye wati 100, ila sasa ana jasho mgongoni na mvua begani. Ndiyo maana baridi haimwumizi mtu anapochimba. Humpata baada ya kuchimba. Nguo zote zichaguliwe kwa kufikiria dakika hizo za kungoja.

Tabaka la kwanza, linalogusa ngozi, ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo watu hulipuuza. Fulana ya pamba hunywa jasho na kulishikilia. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa tulivu, kwa hiyo pamba iliyolowa hukunyang'anya joto uliloligharamia kwa sepetu. Poliesta hunywa maji yasiyofika asilimia moja ya uzito wake, na hukauka upesi mwilini. Sufu hunywa mengi, hadi karibu theluthi ya uzito wake, lakini huendelea kutia joto. Fulana za michezo za poliesta na sweta nyembamba za sufu zimejaa kwenye mitumba, Karatina na kwingineko, mara nyingi kwa bei ndogo kuliko ya koti. Soma lebo ya ndani kabla ya kuuliza bei.

Tabaka la pili hushika hewa, na hewa iliyoshikwa ndiyo joto. Hapa sweta mbili nyepesi za flisi au sufu hulishinda kabuti moja zito. Kabuti huvaliwa lote au huvuliwa lote. Sweta mbili unaweza kuzipunguza nusu. Isitoshe, kabuti hubana chini ya mshipi wa kiti, huzuia mikono kwenye usukani, na likilowa halikauki leo. Tabaka hili ni la kungojea, kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kubaki kavu. Usitegemee kulifunga kwa mfuko wa plastiki: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani. Ndoo ya rangi yenye kifuniko, iliyosafishwa vizuri, inatosha kabisa.

Tabaka la tatu huzuia mvua na upepo. Koti la mpira linalouzwa mijini halipitishi maji, lakini pia halitoi jasho, na mchimbaji anaweza kulowa kutoka ndani. Vitambaa vya bei ghali vinavyopumua navyo hupumua kidogo sana vikishapakwa matope. Dawa ni uwazi: koti fupi, pana, lenye zipu ndefu inayofunguliwa shingoni. Kukiwa na manyunyu tu, chimba ukiwa umelifungua. Epuka poncho na kamba zinazoning'inia karibu na winchi, kwa maana waya ukizunguka hauchagui kati ya mzigo na nguo.

Kuna mahali pamoja ambapo pamba inafaa kuliko zote: chini ya gari. Poliesta na nailoni huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na bomba la moshi lenye moto linaweza kuziyeyusha kwa mguso. Anayetambaa uvunguni avae ovaroli nzito ya pamba juu ya nguo nyingine, kisha aivue kazi ikiisha. Madereva wa Safari Rally, mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yakafanyika wakati wa Pasaka yakikutana na matope ya masika, leo huvaa tabaka zinazostahimili moto hadi nguo za ndani. Adui wao wa kwanza ni moto. Wa kwako mlimani ni maji, kwa hiyo usiige vazi lao kwa kupenda sura yake.

Miguuni, gambuti ni za nje tu. Soli nene yenye mfinyanzi huteleza kwenye klachi na breki, kwa hiyo endesha kwa viatu, na gambuti zikae juu ya gunia karibu na mlango. Soksi moja nene ya sufu hufaa kuliko mbili zinazobana, kwa sababu mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha na hupoa. Glavu ziwe jozi mbili: za ngozi kwa waya na jembe, za sufu kwa kungoja.

Utaratibu wenyewe ni huu. Gari likikwama, vua tabaka la pili ungali ndani. Shuka na fulana na koti. Chimba kwa mwendo usiokutoa jasho jingi, mkipokezana. Mkimaliza, au mkikata tamaa, badilisha fulana iliyolowa kabla ya kuvaa sweta; sweta juu ya fulana yenye maji hulowa nayo. Koti lenye maji litupe nyuma ya gari. Ukilitundika kwenye kiti, mvuke wake utatanda kwenye kioo cha mbele. Mwenzako akianza kutetemeka, kuropoka au kushindwa kufunga zipu, joto la mwili wake huenda linakaribia kushuka, au limeshashuka, chini ya nyuzi 35: mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike, tafuteni msaada.

Na anayepanda nyuma ya pikapu asivae kama dereva. Hana hita wala usukani wa kumtoa jasho, na upepo wote ni wake. Yeye avae tabaka zote tatu tangu Naro Moru mjini.

Mwenye fedha kidogo basi asianze na koti. Anunue fulana mbili zisizo za pamba, moja ya mwilini na moja ya ndoo. Koti la kuazima litazuia mvua vilevile, lakini hakuna koti litakalokausha mgongo uliolowa kwa jasho.