Ustadi wa Kuisoma Skrini ya Bluu

Skrini ya bluu hutokea pale kiini cha Windows kinapokutana na kosa kisiloweza kulirekebisha, kikaamua kuisimamisha kompyuta nzima kabla mafaili hayajaharibika. Hiyo ni kinga, ingawa mwenye stesheneri pale Lushoto mjini, aliyekuwa katikati ya kuchapa mkataba wa shamba, huiona kuwa msiba. Ikitokea mara moja, mashine huwashwa upya na kazi ikaendelea. Ikijirudia kila siku, ufundi huanza, na ufundi huo unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Fundi makini hunakili kwanza kazi za mteja mahali salama. Kisha huuliza hitilafu ilianza lini, na nini kiliongezwa au kuhamishwa kabla yake. Ndipo husoma msimbo wa kosa. 0x1A huelekeza kwenye memori, 0x7A kwenye data iliyoshindwa kusomwa kutoka diski, 0x124 kwenye hitilafu ya vifaa iliyoripotiwa na prosesa. Lakini msimbo ni ushahidi tu. Lushoto ina Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na fundi wa mji huo hana budi kupima ushahidi kwa uangalifu uleule wa mahakamani: draiva mbovu inayoandika pasipo pake huisingizia memori, na waya wa diski uliolegea huisingizia diski nzima.

Milima ya Usambara nayo ina mambo yake. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za kona, kupitia Soni, na mashine iliyopandishwa kwa basi huweza kufika memori yake imecheza kwenye nafasi yake. Unyevu wa ukungu hufubaza miguu ya memori. Hapo kifutio cha penseli, kikisuguliwa taratibu, hutosha. Kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi baridi husaidia, lakini feni iliyozibwa na vumbi huichemsha prosesa hata mwezi Julai. Umeme nao huchunguzwa: laini ya volti 12 ya pawasaplai haipaswi kushuka chini ya 11.4, na pawasaplai iliyochoka huficha udhaifu wake mpaka mashine ipewe kazi nzito.

Kiini cha ustadi wote ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Memori hutolewa, ikarudishwa kipande kimoja kimoja, kila kipande kikapimwa kwa programu ya Memtest86 usiku kucha. Anayebadilisha memori, pawasaplai na Windows kwa mkupuo huenda akaiponya mashine, lakini hajui alichokiponya, na mteja amelipia vifaa vilivyoagizwa Tanga au Dar es Salaam bila sababu. Tena chanzo huenda kisiwe kifaa kabisa: tarehe 19 Julai 2024, faili moja lenye kasoro kutoka kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, vifaa vyake vikiwa vizima.

Mashine iliyotengenezwa hairudishwi siku hiyohiyo. Hupewa kazi nzito, ikaachwa iwake, kisha rejista ya matukio ikakaguliwa tena. Kipande kilichothibitika kuwa na kasoro huandikwa “kibovu” kwa kalamu nzito, kisije kikaingizwa kwenye kompyuta ya mteja mwingine.