Bahasha Ndani ya Bahasha

Edward Bok alikuwa tarishi wa kampuni ya telegrafu mjini New York, mtoto wa wahamiaji kutoka Uholanzi, na shule alikuwa ameiacha mapema ili nyumbani kuliwe. Nauli aliiweka, akatembea kwa miguu hadi Brooklyn. Pesa ya chakula cha mchana aliibana. Akiba hiyo ikamnunulia ensaiklopidia ya maisha ya watu mashuhuri, na alipoisoma, kijana huyo akaingiwa na shaka. Kitabu kilidai kwamba Jenerali James Garfield, utotoni mwake, alifanya kazi ya kuswaga wanyama waliovuta mashua kando ya mfereji. Kweli hiyo? Bok hakumuuliza mwalimu wala mchungaji. Alichukua kalamu akamwandikia Garfield mwenyewe.

Garfield, ambaye baadaye angekuwa Rais wa Marekani, alijibu kwa ukarimu kwamba ndiyo, ni kweli. Bok alipomwonyesha baba yake barua ile, mzee akamwambia aitunze kwa sababu ina thamani. Kijana akapiga hesabu ya kijana: kama barua moja ina thamani, mia je?

Ndivyo ulivyoanza mmoja wa mikusanyo ya saini inayosimuliwa zaidi katika historia ya posta ya Marekani. Bok mwenyewe aliueleza katika tawasifu yake iliyotoka 1920 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Lakini ukisoma orodha ya waliomjibu, utaona kwamba saini hakuziomba kwa namna ambayo wengi huziomba. Alimuuliza Jenerali Grant ni wapi hasa Jenerali Lee, adui yake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alijisalimisha mwaka 1865, na Grant akamchorea ramani ndogo yenye alama ya mahali penyewe. Alimuuliza Jenerali Jubal Early kwa nini aliuchoma mji wa Chambersburg, na Early akaeleza. Alimuuliza mshairi Longfellow jinsi shairi lake mojawapo lilivyozaliwa. Tennyson, kutoka Uingereza, alimnakilia beti zake kwa sharti kwamba kijana aache kutumia neno moja la mtaani lililomkera mshairi huyo. Chini ya kila jibu palikuwa na jina, kwa sababu barua yoyote huishia na jina. Saini ilikuja kama nyongeza ya muuzaji sokoni, baada ya bidhaa yenyewe kupimwa.

Hapo ndipo ufundi wa mchezo huu ulipo, na ndiyo maana unastahili kusifiwa. Watu wengi hudhani mkusanyaji wa saini ni mtu anayekimbilia milango ya hoteli na viwanja akiwa na daftari. Anayekusanya kwa posta ni mtu wa aina nyingine. Hamwoni anayemwomba, hawezi kumbembeleza kwa macho, wala hana umati wa kumsukuma mbele. Ana ukurasa mmoja tu. Ukurasa huo lazima umfanye mgeni aliye mbali, aliyechoka, mwenye rundo la barua mezani, anyooshe mkono achukue kalamu.

Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na barua za zamani ana faida hapa, na ana hasara pia. Faida ni kwamba adabu anayo: hawezi kumwandikia mkubwa bila kumjulia hali. Hasara ni zile aya mbili za dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Kwa shangazi, ni sawa kabisa. Kwa golikipa mstaafu anayepokea barua za watu asiowajua, salamu ya mstari mmoja inatosha, kisha ama baada ya salamu ifike haraka. Mwambie ni mechi gani uliyoikumbuka au kitabu chake gani ulichokisoma hadi karatasi zikalegea. Swali moja, shukrani, kwisha.

Halafu kuna bahasha ya pili. Ndani ya bahasha kubwa mkusanyaji huweka bahasha nyingine, imekunjwa, imeandikwa anwani yake, imebandikwa stempu ya kurudia. Anayeombwa asitafute chochote: asitafute bahasha, asinunue stempu, asinakili anwani. Atie saini, afunge, aitume. Mkusanyaji huweka pia kipande cha karatasi ngumu ili picha isipindike njiani. Kwenye kona ya ndani ya bahasha ya kurudia wengine huandika kwa penseli herufi za jina la aliyeandikiwa, kwani zipo saini ambazo zikirudi hata mwenye kuzipokea hajui ni za nani. Wakusanyaji wa kadi za wachezaji wa besiboli wamekwenda mbali zaidi. Kadi mpya zinang'aa mno na wino huteleza juu yake, basi hupaka poda kidogo ya mtoto na kuifuta kwa kitambaa kabla ya kutuma. Na kuna sheria ambayo hakuna anayeivunja mara mbili: usitume kitu usichoweza kukipoteza.

Kwa mtu wa Morogoro au Kisumu anayemwandikia mtu aliye Hamburg, stempu ya kurudia ni kitendawili. Stempu ya Tanzania haifanyi kazi Ujerumani. Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa Bern mwaka 1874, ulitafuta dawa ya tatizo hili katika mkutano wake wa Roma mwaka 1906. Dawa yenyewe ilikuwa kuponi ya kimataifa ya majibu: unainunua posta ya kwenu, unaitia ndani ya barua, na mpokeaji anaibadilisha kwao kwa stempu ya kurudishia jibu. Ni karatasi ndogo isiyo na makuu, lakini ilizaa tapeli mkubwa. Mwaka 1920, huko Boston, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akidai ananunua kuponi hizo kwa bei rahisi Ulaya na kuzibadilisha Marekani kwa thamani kubwa. Kuponi zilizokuwepo duniani hazikukaribia hata kidogo kutosha kwa biashara aliyoitangaza. Alikuwa akiwalipa waliotangulia kwa fedha za waliokuja nyuma, na Agosti mwaka huohuo akakamatwa. Posta ya Marekani iliacha kuuza kuponi hizo mwaka 2013. Wengi sasa huagiza stempu za nchi husika, au humtumia ndugu aliye ughaibuni, ambaye naye hukumbuka kuzituma siku akikumbuka.

Upande wa pili wa meza nao una haki yake. Mark Twain alimjibu Bok huyohuyo kwa ukali wenye mzaha: kuandika ndiyo kazi yake, na kumwomba mwandishi maandishi ni kama kumwomba daktari akupe maiti mmoja wa ukumbusho. Albert Einstein alitoza ada kwa saini na fedha hizo akazitoa kwa hisani. Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, alichapisha kadi iliyoorodhesha mambo ambayo asingeweza kuyafanya, kuanzia kutoa saini hadi kukutibu ugonjwa wako, na kazi iliyobaki ilikuwa kutia alama kwenye ombi lililohusika. Wapo wakusanyaji ambao leo wangeipenda kadi hiyo kuliko saini yenyewe, na hawajakosea.

Mwanaanga Neil Armstrong alitia saini kwa miaka mingi, kisha mwaka 1994 akaacha, baada ya kuona saini zake zimegeuzwa bidhaa. Oktoba 2008 mwanamuziki Ringo Starr alitangaza kwa video kwamba chochote kitakachotumwa baada ya tarehe 20 ya mwezi huo kitatupwa. Mashabiki walinuna. Lakini nani anaweza kumlaumu? Anayeomba picha kumi za kuuza ndiye aliyemfungia mlango yule aliyeomba moja ya kubandika ukutani.

Mlango ukifungwa, wengine huingia kwa niaba. Picha nyingi za mwigizaji Jean Harlow zilizotumwa kwa mashabiki katika miaka ya 1930 zilitiwa saini na mama yake. Makatibu wa ofisi za wakubwa wamefanya hivyo tangu ofisi zilipokuwepo. Kisha ikaja mashine inayoshika kalamu ya kweli yenye wino wa kweli na kufuata umbo la jina lililochongwa. John F. Kennedy aliitumia sana, kiasi kwamba mwaka 1965 mtaalamu wa saini Charles Hamilton alitoa kitabu kizima kuihusu, na wanaanga wa Marekani waliitumia pia. Namna ya kuitambua ni rahisi na ina utamu wake. Weka saini mbili juu ya mwanga, moja juu ya nyingine. Zikilingana nukta kwa nukta, ni mashine, kwa kuwa hakuna mkono wa binadamu unaoandika jina lake sawasawa mara mbili.

Hata hivyo zipo saini zinazoushinda utaalamu wote. Bok alipomtembelea mwandishi Ralph Waldo Emerson huko Concord, kumbukumbu za mzee huyo zilikuwa zimepotea. Alipoombwa saini alimwomba kijana aliandike kwanza jina lenyewe kwenye karatasi, kisha akalinakili herufi moja baada ya nyingine. Mkono ni wake, wino ni wake, na mkaguzi yeyote makini angeitilia shaka.

Leo mchezo huu uko hai zaidi mahali ambapo fedha hazijafika. Huko Ujerumani, vilabu vya soka, watangazaji wa televisheni na waigizaji huchapisha kadi maalum za saini na kuwapa mashabiki bure. Kilicho muhimu ni barua ya adabu na bahasha ya kurudia. Ukipokea mojawapo, iangalie kwa kioo cha kukuzia, maana nyingine zina saini iliyochapishwa pamoja na picha, na wino wa kalamu huacha mng'ao ambao chapa haina. Nyota wa msimu huu ana maelfu ya barua. Beki aliyestaafu zamani, mtunzi wa vitabu vya shule au mwanasayansi ambaye jina lake linajulikana na wenzake peke yao, hao husoma kila mstari, na mara nyingine hujibu kwa kurasa mbili.

Jibu huja kwa wakati wake. Kuna linalofika baada ya wiki kadhaa, na kuna linalofika baada ya miaka, anayelingoja akiwa amekwisha kulisahau. Ndiyo maana mkusanyaji makini huwa na daftari la tarehe, la kutuma na la kupokea, na huwa na wasiwasi na S.L.P. kuliko watu wengine wa umri wake. Ada ya sanduku hulipwa kila mwaka, na isipolipwa hufungwa. Anayepokelea barua kwa sanduku la ofisi ya mjomba ana kazi ya ziada mjomba akistaafu: kwenda kujitambulisha kwa katibu muhtasi aliyebaki, na kumweleza kwa upole kwamba bahasha yenye stempu ya Ujerumani na mwandiko wa Kiswahili haijapotea njia.