Boma la Apache: Nani Mwenye Mtaa Kamera Inapoingia?

Suala la kupiga picha za filamu katika mitaa ya miji mikubwa huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni suala la maegesho ya magari. Maofisa wa mji hutaka kujua malori mangapi yatakuja, nyaya zitapita wapi, taa zitazimwa saa ngapi. Hayo si mambo ya kudharauliwa. Mfanyakazi anayetoka zamu ya usiku akakuta njia ya kwenda nyumbani kwake imefungwa na kijana mwenye simu ya upepo, ambaye wala si mkazi wa hapo, ana haki ya kukasirika. Lakini chini ya suala la malori liko suala jingine ambalo mabepari wa sinema hawapendi liulizwe. Mtaa unapogeuzwa kuwa mali ghafi ya kiwanda cha filamu, wenye mtaa wana kauli gani juu ya bidhaa itakayotengenezwa?

Tuuchukue mji wa New York, kwa sababu ndiko utaratibu wa vibali ulikokomaa mapema, na ndiko wakazi walikoinuka hadharani kuuliza swali hilo. Mwaka 1966 Meya John Lindsay aliunda ofisi maalumu ya shughuli za filamu. Kabla ya hapo mtengenezaji wa filamu alizungushwa kutoka ofisi hii hadi ile akitafuta ruhusa. Baada ya hapo kibali kimoja kilitosha, na mji ukampa kikosi cha polisi cha kumlindia kazi yake bila malipo. Shabaha ilikuwa kuzivuta kampuni, na zikavutika. Kibali chenyewe kilitolewa bure hadi mwaka 2010, ilipoanza kutozwa ada ya dola 300, fedha ambazo kwa kampuni kubwa hazifikii hata gharama ya chakula cha mchana cha siku moja.

Ndugu msomaji na aangalie jinsi uhusiano ulivyopangwa hapo. Kuna kampuni, kuna mji, na kuna polisi. Mkazi anaonekana pale tu gari lake linapokuwa limeegeshwa mahali pasipotakiwa.

Mwaka 1980 ikaja kusini mwa Bronx kampuni iliyokuwa ikitengeneza filamu iitwayo Fort Apache, the Bronx, chini ya uongozi wa Daniel Petrie, mhusika mkuu akiwa Paul Newman. Wakazi wa huko, walio wengi watu wa asili ya Puerto Rico na Wamarekani Weusi, walipofahamu yaliyomo katika mchezo huo waliunda kamati ya kuupinga. Waliandamana mahali picha zilipokuwa zikipigwa, wakaenda hata mahakamani. Newman, ambaye alijulikana kwa kuunga mkono haki za raia, aliitetea filamu. Kazi haikusimama. Kibali kilikuwapo, polisi walikuwapo, na kwa mujibu wa karatasi kila kitu kilikuwa sawa.

Je, wakazi wale walikuwa wanalalamika bure? Hebu tuitazame kazi yenyewe. Tuanze na jina. "Fort Apache" ni jina la utani ambalo polisi walikipa kituo chao cha wilaya ya 41, kwenye barabara ya Simpson. Ngome halisi ya jina hilo ilikuwa Arizona, nayo ilikuwa ya askari waliopelekwa kuwatawala Waapache katika nchi yao wenyewe. Kwetu sisi neno la kulieleza jambo hili halihitaji kutafutwa: ni boma. Ndani ya boma wamo watu wenye majina, wenye wake waliowaacha, wenye mizaha na majuto. Nje ya boma kuna wenyeji. Filamu inafunguka kwa mwanamke kahaba, aliyeigizwa na Pam Grier, akiwaua askari wawili vijana garini mwao, na tangu hapo mtazamaji anafundishwa kuiogopa kila kona. Mwanamke mmoja wa Kipuerto Rico aliyepewa utu kamili, muuguzi aliyeigizwa vizuri sana na Rachel Ticotin, naye anageuka kuwa mtumiaji wa heroini na anakufa kwayo. Hivyo hata yule aliyeonekana kuwa tofauti anarudishwa kundini.

Tusiionee filamu. Inaonyesha polisi wakimtupa kijana kutoka juu ya paa, na inamwonyesha Murphy, anayeigizwa na Newman, akihangaika na dhamiri yake kama amtaje mwenzake au anyamaze. Sehemu hiyo ina ukweli. Hata hivyo dhamiri inayopimwa ni ya mtu wa ndani ya boma, na kijana aliyekufa ni chombo tu cha kuipimia.

Kosa kubwa zaidi liko katika magofu. Kamera inapita mbele ya majumba yaliyoungua, mtaa baada ya mtaa, kama mtu anayepita mbele ya milima. Hakuna anayeuliza nani aliyachoma. Sisi tunajua kwamba katika miaka ya 1970 mabenki yalikuwa yamekataa kukopesha fedha katika maeneo hayo, kwamba mji ulifunga baadhi ya vituo vya zimamoto kwa kisingizio cha kubana matumizi, na kwamba baadhi ya wenye nyumba walilipa watu wawachomee majengo yao wapate fedha za bima. Rais Carter alikwenda mwenyewe kwenye barabara ya Charlotte tarehe 5 Oktoba 1977 akasimama katikati ya vifusi. Miaka mitatu baadaye vifusi hivyo vilikuwa mandhari ya biashara. Mwenye nyumba hamo katika filamu, mwenye benki hamo, na mtazamaji anaachwa adhani kwamba wakazi waliiteketeza nchi yao kwa mikono yao.

Matokeo ya maandamano yalikuwa maneno machache mwanzoni mwa filamu ilipotoka Februari 1981, yakisema kwamba kwa kuwa hadithi inahusu kazi ya polisi, haikuwashughulikia wakazi watiifu wa sheria wala watu wanaojitahidi kuiinua Bronx. Maneno hayo yanakiri shtaka lote, kisha filamu inaendelea kama kawaida kwa saa mbili.

Wapo watakaosema: basi serikali ingesoma mchezo na kuukataa. Mimi sikubaliani nao, na sababu ni za vitendo. Serikali ikipewa kalamu ya kufuta, hufuta kwanza yale yanayoiudhi yenyewe. Mwaka 2005, katika mji huo huo wa New York, polisi walimzuia Rakesh Sharma, mtengenezaji wa filamu za ukweli kutoka India, kwa kupiga picha barabarani na kamera ya mkononi. Alishtaki. Mji ukaleta mwaka 2007 mapendekezo ya kanuni: watu wawili wakikaa na kamera mahali pamoja zaidi ya nusu saa, wawe na kibali na bima ya dola milioni moja! Kelele zikapigwa, mapendekezo yakaondolewa, na kanuni za mwaka 2008 zikamwachia huru mwenye kamera ya mkononi asiyefunga njia. Linganisha: mnyonge mwenye kamera moja alitakiwa bima ya milioni, na tajiri mwenye malori alipewa askari wa bure.

Kiangazi cha mwaka 1988 Spike Lee alipiga filamu yake Do the Right Thing katika kipande kimoja cha barabara ya Stuyvesant, Brooklyn. Hapo mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Baadhi ya wakazi waliajiriwa, ulinzi ulifanywa na vijana wa Kiislamu wa jumuiya ya Weusi badala ya kutegemea polisi peke yao, na nyumba za wauza dawa za kulevya zilifungwa. Mwaka 2015 kipande hicho kikapewa jina la filamu. Isidhaniwe kwamba hapo palikuwa peponi. Wauza dawa wakifukuzwa barabara moja huhamia ya pili, na ajira ya kiangazi huisha na kiangazi. Lakini aliyekuja na kamera alikuwa mtu wa Brooklyn, na watu wa barabara ile walikuwa ndani ya hadithi, si nje ya boma.

Sasa tujitazame wenyewe. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, haikuanzia kwenye malori. Ilimtaka mwombaji alete maelezo kamili ya mandhari na maneno yote yatakayosemwa. New York ilipima magari, sisi tukapima maneno. Lakini pande mbili zinazozungumza katika sheria hiyo ni mwombaji na Serikali. Mtu wa Manzese ambaye uani mwake ndimo kahaba na jambazi wa hadithi watakapoigizwa hakupewa kiti. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wakazi, na mkutano wa mtaa upo. Kinachokosekana ni kumlazimu mwenye kamera afike mkutanoni hapo kabla hajashusha taa, aeleze hadithi yake inahusu nini, nani ataajiriwa, nani atalipwa kwa duka litakalofungwa, na filamu itaonyeshwa lini kwa watu wa mtaa huo. Mkutano usipewe mamlaka ya kufuta sentensi. Upewe mamlaka ya kuweka masharti juu ya njia, ua, usiku na malipo, na kumjibu mgeni uso kwa uso.

Kampuni zitasema kwamba zikibanwa zitahamia kwingine. Huenda baadhi zitahama. Ila kampuni iliyokwenda Bronx mwaka 1980 ilikuwa inatafuta magofu halisi, maili kwa maili, ambayo hakuna fundi seremala angeweza kuyajenga kwa bei ile. Wakazi walikuwa wamekalia kitu ambacho mnunuzi hakuwa na pengine pa kukipata, na hakuna ofisi hata moja iliyowaambia kwamba walikuwa na la kuuza.