Mshumaa Uliokaa

Mshumaa wa nta ya nyuki hauozi. Nalitaja hili mapema kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye mishumaa ya parafini, ile myeupe inayouzwa kwa pakiti madukani na kutupwa kwenye droo ya jikoni kungoja umeme ukatike. Siku ikitafutwa hukutwa imepinda na kuingia umanjano, nasi tukaamini kwamba hiyo ndiyo hatima ya kila mshumaa. Lakini kutoka Fayum, nchini Misri, ziko picha za nyuso za watu zilizochorwa kwa rangi iliyochanganywa na nta katika karne za kwanza baada ya Kristo, nazo zimefika kwetu zingali na wekundu wa midomo na weusi wa nyusi. Nta iliyohifadhi sura ya mtu muda wote huo haiwezi kushindwa na miaka kumi ya kabati. Ikishindwa, kuna mkono wa mtu ulioshindwa kabla yake.

Nami nasema mkono huo ni wa watu wawili, fundi na mtunzaji, na ufundi wa mshumaa haujakamilika mpaka wote wawili wafanye kazi yao.

Tuanze na fundi. Mshumaa huanza kuzeeka vizuri au vibaya ukiwa bado chunguni. Kule Tabora, kwenye misitu ya miombo ambako warina asali hutundika mizinga ya magogo na magome juu ya miti, masega yakishakamuliwa asali huchemshwa na maji, kisha huchujwa, na nta huelea juu na kuganda. Anayejali huchuja tena na tena, kwa sababu chavua na takataka zikibaki ndani zitaziba utambi siku ya kuuwasha. Huangalia na chombo. Sufuria ya shaba au ya chuma kinachoshika kutu huitia nta rangi chafu isiyotoka. Huangalia na moto: nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za selsiasi, na ikipikwa kwa pupa kupita mno hapo huingia weusi na kupoteza ile harufu ya asali ambayo ndiyo nusu ya thamani yake.

Kisha kuchovya. Utambi wa pamba iliyosukwa huzamishwa kwenye nta ya moto, huinuliwa, huachwa upoe, huzamishwa tena, na kila mara huongeza ngozi nyembamba juu ya ile ya mwanzo. Nta ikiwa ya moto mno, tabaka la jana huyeyuka. Ikiwa imepoa mno, hushika kwa mabonge. Ukiukata mshumaa wa namna hii utaona duara ndani ya duara, kama shina la mti. Hata kule kusuka kwa utambi kuna akili ndani yake. Mpaka mwaka 1825, Mfaransa Cambacérès alipobuni utambi wa kusuka, watu walilazimika kukaa na mkasi kando ya mshumaa wakipunguza ncha iliyoungua. Utambi uliosukwa hujikunja ukiwaka, ncha yake ikatoka nje ya kiini cha mwali na kuteketea yenyewe. Hilo nalihesabu miongoni mwa mabadiliko mazuri kabisa yaliyowahi kufanywa kwa uzi.

Sasa mshumaa umetoka kwa fundi. Miezi ikipita, hasa mahali pa baridi kama Njombe ya mwezi wa saba, utaota utando mweupe kama umepakwa unga. Wanunuzi wengi huurudisha dukani wakidai umeingia ukungu. Hapana. Ni sehemu laini za nta zenyewe zilizopanda taratibu hadi juu na kuganda, na ni dalili njema kwamba umeuziwa nta ya nyuki kweli. Ufute kwa kitambaa laini, au uweke kidogo mahali penye vuguvugu, rangi ya dhahabu itarudi. Mimi napenda kuuacha utando huo mpaka siku ya kuwasha.

Adui mkubwa wa mshumaa kwetu ni joto. Stoo chini ya bati, Dar es Salaam, saa nane mchana, haitauyeyusha mshumaa lakini itaulegeza, na mshumaa mrefu uliosimamishwa au kuegemezwa utainama kwa uzito wake mwenyewe. Ulazwe bapa, chini kabisa ya kabati, karibu na sakafu ya saruji. Uviringishiwe karatasi tupu isiyochapwa, kwani wino wa gazeti huhamia kwenye nta. Friji isitumike: baridi ya ghafla hupasua, na unyevu ukiingia kwenye utambi, mwali hutatarika.

Jua nalo lina mambo yake. Kwa karne nyingi mafundi wa Ulaya walianika nta kwa vipande vyembamba juani ili iwe nyeupe. Jua hilohilo likipita dirishani huifuta rangi ya mshumaa uliotengenezwa tayari, upande mmoja tu, na hakuna wa kulishukuru. Na harufu: nta hunyonya. Mshumaa uliokaa sanduku moja na sabuni au dawa ya nondo utanuka hivyo ukiwaka. Nondo wenyewe wasikutie hofu, maana viwavi wao wanaokula masega hutafuta chavua na mabaki ya mabuu. Nta safi haiwalishi.

Ninaowaheshimu sana katika utunzaji ni wasakristia, watunzaji wa vifaa vya ibada kanisani. Waraka wa Vatican wa mwaka 1988 kuhusu maadhimisho ya Pasaka unataka Mshumaa wa Pasaka uwe wa nta kweli, na uwe mpya kila mwaka. Mwaka mzima mshumaa huo huwashwa kwenye ubatizo na kwenye misa ya mazishi, watoto na marehemu wakipokewa kwa mwali uleule. Anayeutunza ahakikishe kwamba mwezi wa kumi na mbili bado umesimama wima, namba za mwaka zinasomeka, utambi umekatwa kwa urefu wa milimita sita hivi, na vumbi halijagandana na nta iliyotiririka. Kazi hii hufanywa kanisa likiwa tupu, na naamini inastahili shukrani sawa na ile ya waimbaji.

Vipande vinavyobaki visitupwe. Viyeyushwe kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, vichujwe kwa kitambaa, vimiminwe upya kwenye kalibu ndogo. Vya nta ya nyuki viwekwe mbali na vya parafini, kwa kuwa unene wa utambi huchaguliwa kulingana na nta, na kwenye mchanganyiko usiojulikana utambi huo utakuwa mnene mno ufuke moshi, au mwembamba mno uzame na kuzimika.