Tumbo la Casspir

Ukikutana na gari la deraya aina ya Casspir, inama utazame chini. Juu halina la ajabu: boneti ndefu ya lori, vioo vinene, viti vya askari kumi na wawili. Ufundi wake uko tumboni. Mabati ya chuma yameshuka kutoka mbavu zote mbili hadi yakakutana katikati, mithili ya jahazi lililopandishwa pwani, na chombo kizima kimeinuliwa juu ya magurudumu marefu.

Bomu la ardhini likilipuka, nguvu yake hupanda. Ikigonga sakafu bapa, sakafu huimeza yote, na miguu ya abiria huvunjika. Ikigonga ubavu ulioinama, sehemu kubwa huteleza pembeni. Urefu nao si wa maringo: kadiri tumbo lilivyo mbali na ardhi, ndivyo mlipuko unavyolifikia ukiwa umepungua makali.

Gari hili lilizaliwa Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati wa vita vya Namibia. Lililolitangulia, Buffel, lilikuwa kasha lenye tumbo la namna hiyohiyo lililobebeshwa chesisi ya lori la Unimog. Kwenye Casspir chesisi ikaachwa. Bodi ya chuma ndiyo uti wa mgongo, na ekseli zimefungwa kwa nje. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mbunifu. Aliamua mapema kipi kife. Gurudumu likikanyaga bomu ling'oke liende zake, na mafundi wafunge jingine. Gari lilikusudiwa kuhimili kilo 21 za TNT chini ya gurudumu, na kilo 14 chini ya tumbo. Abiria naye ajifunge mkanda, la sivyo atauawa na dari.

Kusifu mkono si kusifu amri. Miaka ya 1980 polisi wa makaburu waliyaingiza magari hayo katika vitongoji vya Waafrika, mahali ambapo silaha ya vijana ilikuwa mawe, na wapo wasioweza kulitazama tumbo hilo kwa utulivu mpaka leo. Baadaye yakawabeba wanajeshi wa Uganda katika mitaa ya Mogadishu, penye mabomu kwelikweli.

Na kimo kile kina gharama yake. Kwenye kona kali au kingo za barabara zinazomomonyoka, gari la tani kumi na moja lililosimama juu namna hiyo hupinduka upesi, na dereva mzuri wa Casspir hujulikana kwa kupunguza mwendo mapema.